Mwanafunzi Ugenini na Fedha Zake

Jioni baada ya chakula, kabla kengele ya kujisomea haijapigwa, sisi wa bwenini hupenda kuzungumza juu ya mambo tutakayoyafanya tukimaliza shule. Huyu atakuwa daktari, yule atakuwa rubani, na karibu kila mmoja husema kwamba atakwenda kusoma Ulaya. Nimeyasikia mazungumzo hayo kwa muda wa miaka minne, wala sijapata kumsikia hata mmoja akiuliza, "Nikifika huko nitakula nini, nitalala wapi, na nani atalipa?" Hata mimi sikuuliza. Nilikuja kuyafahamu mambo haya kwa sababu ya dada yangu, ambaye tangu Oktoba 2024 anasoma katika Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani. Amenipa ruhusa niyaeleze, ila jina lake nisilitaje.

Dada yangu alisoma shahada ya kwanza ya misitu katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, akafanya kazi miaka miwili, kisha akapata nafasi ya kusomea shahada ya pili ya misitu huko Göttingen. Nyumbani kwetu ni Njombe, na kama wajuavyo wenyeji wa huko, mti kwetu ndiyo benki. Baba alikuwa na shamba la misindano aliyoipanda mwaka ule dada alipoanza darasa la kwanza. Mwaka 2024 aliiuza yote, ikakatwa. Mama akauza ng'ombe mmoja, baba mdogo na mjomba wakachanga, na dada mwenyewe akatoa akiba ya mshahara wake. Kwa hiyo mtu aelewe tangu mwanzo kwamba fedha ninazozieleza hapa hazikuokotwa.

Jambo la kwanza lililowashangaza wazee wetu ni hili. Vyuo vikuu vingi vya serikali huko Ujerumani havitozi ada ya masomo, hata kwa mgeni. Yako mahali pasipo hivyo: jimbo la Baden-Württemberg hutoza wageni watokao nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa kila nusu mwaka wa masomo, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza kuwatoza wageni wapya mwaka 2024. Lakini Göttingen dada hakutakiwa ada ya masomo. Baba mdogo aliposikia hivyo alisema, "Ikiwa kusoma ni bure, miti ya nini kuuzwa?"

Jibu ni kwamba kusoma ni bure, lakini kuishi si bure. Serikali ya Ujerumani humtaka mwanafunzi mgeni aonyeshe, kabla ya kupewa viza, kwamba anazo fedha za kumtunza mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho kimekuwa euro 11,904, yaani euro 992 kwa kila mwezi. Tukifanya hesabu nyepesi, tuseme euro moja ni shilingi 3,000, ingawa hupanda na kushuka, basi hizo ni zaidi ya shilingi milioni thelathini na tano. Njia inayotumiwa na wengi ni kuziweka katika akaunti maalumu ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto, maana yake akaunti iliyofungwa. Ukishaziweka huwezi kuzitoa zote kwa mkupuo. Kila mwezi hufunguliwa fungu moja tu, la euro 992.

Wazazi wengi hudhani kwamba fedha hizo ni ada, au kwamba Ubalozi huzichukua. Sivyo. Fedha ni za mwanafunzi mwenyewe, naye ndiye atakayezila. Viza ikikataliwa hurudishiwa, ingawa zitapungua kidogo kwa gharama za kutunza akaunti. Mwenye msaada wa masomo unaotosha, kama ule utolewao na shirika la DAAD, hahitaji akaunti hiyo. Kwa wengine, ni kama debe la mahindi lililofungwa kufuli, ambalo mama hulifungua mara moja kwa mwezi na kupima.

Sasa nieleze kosa la kwanza, ambalo lilikuwa la nyumbani kwetu sote. Tulidhani kwamba tukishaijaza akaunti ile, kazi imekwisha. Hatukujua kwamba fungu la kwanza halipatikani siku ya kufika. Yampasa mgeni kwanza apate chumba, ajiandikishe kwenye ofisi ya mji, afungue akaunti ya kawaida ya benki, kisha ndipo fedha zianze kutiririka. Mambo hayo hufuatana, moja likikwama mengine husimama. Dada yangu alifika akiwa na euro 600 mkononi. Nazo gharama za mwanzo zilikuwa hivi: amana ya chumba euro 500, na kodi ya mwezi wa kwanza euro 310. Jumla euro 810, kabla hajanunua hata mkate.

Amana ni fedha anazoshika mwenye nyumba mpaka mpangaji atakapohama. Kama chumba hakikuharibiwa wala hakuna deni, hurudishwa. Kwa nyumba za kupanga, sheria ya Ujerumani hairuhusu amana izidi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za maji na joto. Mtu asiyejua huona ameibiwa, na mtu ajuaye hutunza stakabadhi yake na kupiga picha za chumba siku ya kuingia.

Dada alikopa euro 250 kwa mwanafunzi mmoja Mtanzania aliyemtangulia. Alipokwisha kulipa, akabaki na euro 40, na fungu la kwanza lilipatikana baada ya wiki tatu. Wiki hizo alikula mkate, chai na wali mtupu, katika mwanzo wa baridi, akiwa na sweta aliyotoka nayo Njombe. Sisi nyumbani hatukujua. Alipopiga simu alisema, "Huku kuzuri, nimefika salama." Nasi tukafurahi, tukawaambia majirani.

Fungu lilipofika, likaja kosa la pili. Mwanzoni dada alikuwa akigeuza kila bei kuwa shilingi. Mkate wa euro mbili aliuona ni shilingi elfu sita, akaurudisha rafuni. Hivyo akawa ananunua kidogo mno hata akaugua mafua yasiyokwisha. Kisha akachoka kuhesabu, akaacha kabisa, akawa ananunua kama euro moja ni shilingi moja. Mwezi wa Novemba aliumaliza tarehe 19. Amenieleza kwamba yote mawili ni upofu. Chakula cha kila siku yafaa kipimwe kwa fungu la mwezi wa huko huko, si kwa bei za soko la Njombe. Lakini kitu kikubwa, kama simu au tiketi ya safari, hicho ndicho cha kugeuza kwa shilingi na kukilalia usiku mmoja kabla ya kukinunua.

Baada ya Novemba alinunua daftari dogo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu ya mwezi mmoja wa mwaka 2025 aliipanga hivi, kwa euro:

Kodi ya chumba, pamoja na maji, umeme na joto: 310
Bima ya afya: 145
Chakula: 190
Akiba ya mchango wa chuo: 65
Ada ya redio na televisheni: 18
Simu: 10
Sabuni, vitabu na nguo: 45
Akiba ya dharura na ya kibali cha kukaa: 80
Kanisa na matembezi: 30
Jumla: 893
Baki: 99

Nitaeleza mafungu machache ambayo mtu wa kwetu hawezi kuyafahamu upesi.

Bima ya afya si hiari. Bila bima hakuna kuandikishwa chuoni. Mwanafunzi aliye chini ya miaka thelathini hupata bima ya umma kwa bei ya wanafunzi, ambayo mwaka 2025 ilikuwa karibu euro 145 kwa mwezi. Ni fedha nyingi, lakini dada alipougua alitibiwa bila kulipia kila hatua. Tena huwezi kusema, "Mwezi huu siumwi, nitalipa mwezi ujao." Deni hujilimbikiza.

Mchango wa chuo hulipwa mara mbili kwa mwaka. Si ada ya masomo, bali ni wa huduma za wanafunzi, na mahali pengi humpa mwanafunzi haki ya kusafiri kwa treni au basi kwa kiasi fulani. Kwa kuwa huja kwa mpigo mmoja, dada huweka euro 65 kila mwezi ili siku ile isimkute mtupu. Akiba hiyo huipitisha katika akaunti nyingine, asiione.

Ada ya redio na televisheni ilimchekesha, kisha ikamliza. Kila makao nchini Ujerumani hutozwa euro 18.36 kwa mwezi, hata kama mwenye makao hana redio. Wanaokaa pamoja katika nyumba moja hulipa ada moja na kugawana, lakini chumba cha peke yake katika bweni huweza kuhesabiwa kuwa makao kamili. Dada alipopata barua ya kwanza aliidhani ni tangazo la biashara, kwa kuwa hana televisheni, akaitupa. Barua iliyofuata ilidai miezi yote tangu alipohamia. Tangu hapo hutupi barua asiyoielewa. Humpelekea mwenzake ajuaye Kijerumani amsomee. Amesema niwaambie hivi: katika nchi ile, barua ni kama mtu mzima aliyekuja mlangoni, haifai kumfungia mlango.

Yako pia mambo yapunguzayo gharama. Chuo kina ukumbi wa chakula, uitwao Mensa, ambamo mwanafunzi hula chakula cha mchana cha moto kwa bei nafuu, naye hula hapo mara tatu kwa wiki. Siku nyingine hupika dengu na wali pamoja na wenzake wawili, mmoja Mkenya na mmoja Mhindi, kwa zamu. Mji wa Göttingen si mkubwa, na watu wengi huendesha baiskeli. Alinunua ya mtumba. Koti la baridi pia ni la mtumba. Alicheka akisema kwamba alizoea kuona mitumba ya Ulaya ikija Njombe, na sasa ameifuata kwao. Kadhalika chupa nyingi za vinywaji zina amana yake: chupa au kopo la kutumika mara moja ni senti 25, na ukilirudisha dukani wakupa fedha yako. Jumapili maduka karibu yote hufungwa, basi asiyenunua chakula Jumamosi hujikuta akinunua kituoni kwa bei ya juu.

Wengi wetu husema, "Nikifika huko nitafanya kazi." Kweli kazi zipo, lakini zina mipaka. Tangu Machi 2024 sheria humruhusu mwanafunzi mgeni afanye kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Ujira wa chini kabisa ulikuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025, na tangu Januari 2026 ni euro 13.90. Mtu akifanya kazi saa kumi kwa wiki kwa ujira ule wa 2025, alipata karibu euro 513 kwa wiki nne. Mwanafunzi wa hapa asikiapo hivyo macho humtoka. Lakini sikilizeni yaliyompata dada. Tangu Desemba alikuwa akiosha vyombo katika mkahawa mmoja saa kumi na nane kwa wiki, akirudi chumbani usiku wa manane. Mwezi wa Februari akaanguka mtihani mmoja. Nusu mwaka ukiongezeka kwa sababu ya kuanguka, gharama yake ni karibu euro 6,000 za kuishi. Saa zile za ziada hazikumpa hata robo yake. Akapunguza kazi, akabaki na saa kumi, akarudia mtihani akafaulu. Tena asiyejua Kijerumani huchelewa kupata kazi, na aipatapo huwa ni ile ya jikoni. Dada asema, fedha aliyoitumia vizuri kuliko zote ni ile ya kujifunza lugha kabla ya kuondoka.

Sasa nafika mahali panaponiwia vigumu. Kwa nini alifanya kazi saa kumi na nane?

Katika likizo ya Juni 2025, baba mdogo alilalamika mbele ya wazee kwamba dada amepata Ulaya na amesahau kwao. Mjomba naye alikuwa ameomba fedha za bati, shangazi za mbolea. Baba alinyamaza, kisha akampigia dada simu na kumwomba alete hesabu zake zote tangu afike. Dada akapiga picha kurasa za daftari lake, akazituma kwa simu ya mama. Baba akanipa kalamu nizinakili kwenye karatasi, kisha nizisome kwa sauti, maana wazee hawaoni vizuri maandishi madogo.

Nilisoma Oktoba, euro 40 za wiki tatu. Nikasoma Novemba. Chakula, 70. Mstari uliofuata ulikuwa: "Viatu vya mpira vya mdogo wangu, 45."

Nilikuwa nimevivaa. Niliviomba mwezi ule wa Novemba, kwa simu ya mama, nikaandika kwamba wenzangu wote wa timu ya shule wana viatu vizuri isipokuwa mimi, na kwamba yeye aliye Ulaya hawezi kukosa. Alizituma siku ya tatu wala hakusema neno. Nilikuwa nimemwomba sehemu kubwa ya chakula chake nikadhani nimeomba makombo. Nilisoma mstari ule taratibu, kisha nikaendelea na mistari ya Desemba: bati, mbolea, mchango wa harusi ya binamu. Hakuna aliyesema kitu. Nilipomaliza, baba mdogo aliichukua karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe mtoto tulimpeleka akaoshe vyombo atununulie bati."

Siku ile wazee walikubaliana kwamba mpaka dada amalize masomo, hakuna mtu atakayemwomba fedha ila kwa ugonjwa au msiba, na ombi hilo lipitie kwa baba. Tangu hapo ile baki ya euro 99 imekuwa ikiwekwa. Amekwisha kumlipa yule aliyemkopesha euro 250, na ameanza akiba ya nauli ya kurudi.

Wasomaji wapenzi, pengine mtasema mambo haya ni ya mbali, nasi tuko bado Kidato cha Nne. Lakini mimi nimeona kwamba ni yale yale. Muhula wa kwanza mwaka huu mama alinipa shilingi elfu thelathini za matumizi. Wiki ya tatu zilikuwa zimekwisha kwa maandazi na soda, nikaanza kuazima sabuni, na muhula ulikuwa bado mrefu. Bandu bandu huisha gogo. Muhula huu nimegawa fedha zangu kwa wiki, nikamwomba matroni anishikie na kunipa fungu moja kila Jumamosi. Wenzangu wameniita "Mjerumani". Si kitu, sabuni ninayo.

Kwa hiyo wale wanaotaka kwenda kusoma ng'ambo, nawashauri haya. Kwanza, ulizeni gharama za kuishi kabla ya kuuliza ada. Pili, mbali na fedha za akaunti ile, chukueni za kutosha miezi miwili ya mwanzo pamoja na amana ya chumba. Tatu, fedha zijazo kwa mwezi zigawanywe siku ile ile zinapofika, na malipo ya mbele yatengwe kwanza. Nne, kazi isile masomo, kwa kuwa masomo ndiyo yaliyouziwa miti. Tano, ukipata shida sema mapema, kwa mwenzako na kwa wazazi. Dada akiri kwamba kosa lake kubwa ni kusema "huku kuzuri" akiwa na njaa.

Na kwenu wazazi wetu, nawaomba kwa heshima: mtoto akiwa ugenini, msimhesabu kuwa amekwisha vuna. Yeye bado ni shamba mlilolipanda. Mwaka jana baba alipanda miche mingine ya misindano mahali pale palipokatwa. Nilimsaidia kuchimba mashimo wakati wa likizo. Bado ni mifupi, hainifiki hata magotini, wala hakuna mtu apitaye hapo na kuuliza mbao.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne